Ukifa, Toa Pedi

Kwenye banda la gemu la mjomba wangu, huko Kiseke jijini Mwanza, kulikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote na ambayo hakuna aliyeivunja: ukifa, toa pedi. Pedi ni kile kifaa cha mkononi cha kuchezea. Sheria hiyo haikuwa ya gemu ya mpira. Kwenye mpira wanacheza wawili, anayefungwa anatoka, anayeshinda anabaki akijisifu mpaka apatikane wa kumnyamazisha. Hii nyingine ilizaliwa kwa ajili ya gemu moja tu, ile ya mtu mwenye koti la mvua.

Nilikuwa nimerudi kutoka chuo na shahada ya takwimu, kazi hakuna. Mjomba akanipa ufunguo wa banda. "Kaa hapo mpaka upate," alisema, nami nikakaa. Lilikuwa chumba cha mabati nyuma ya duka la vipuri vya pikipiki, dirisha limezibwa kwa blanketi ili mwanga usiharibu picha. Ukiingia mchana, jua likiwa limechoma mawe ya mlimani mpaka yanameremeta, ilikuchukua muda kuona watu. Kwanza unaiona TV. Baadaye ndiyo unayaona macho yanayoitazama.

Ile gemu ilikuja na mashine. Mjomba aliinunua ikiwa imeshatumika, na mwenye nayo wa zamani alikuwa ameacha vitu vyake ndani. Mchana mmoja, wawili waliokuwa wakitafuta mpira walibonyeza pasipo penyewe, na skrini ikawa nyeusi, kisha kijivu. Akatokea mtu mdogo, amevaa koti la mvua la njano, kofia yake imemfunika hadi usoni. Chini ya miguu yake kulikuwa na ardhi yenye majimaji. Hakukuwa na maelezo, wala mtangazaji, wala saa inayokimbia.

"Sasa huyu anafanya nini?"

"Anaenda."

"Anaenda wapi?"

"Kulia."

Watu walicheka. Lakini mchana ule hakuna aliyerudi kwenye mpira.

Nimejiuliza mara nyingi ni nini kilichowashika, kwa sababu jibu la kwamba gemu ni nzuri tu halinitoshi. Kwenye mpira unajua unamfunga nani. Humu hujui lolote. Dunia inatokea upande wa kulia wa TV kipande kwa kipande, na kile ulichokipita kinamezwa upande wa kushoto, na huna uhakika kama bado kipo. Unachoweza kufanya ni kutembea, kuruka na kushika. Basi. Ila waliomtengeneza walimpa uzito. Kabla ya kuruka alikunja magoti kidogo, akitua aligusa chini kwa mkono mmoja, na wewe ulisikia kutua kule kwenye vifundo vyako mwenyewe. Niliona waendesha bodaboda, watu wazima wenye watoto, wakiinuka kwenye benchi kila aliporuka.

Na alikufa kirahisi sana. Maji yalimchukua, mawe yalimwangukia, na ndani ya maji kulikuwa na kitu kilichopita ambacho hatukuwahi kukiona chote, mgongo tu. Hakupiga kelele. Skrini iliingia giza kwa muda wa pumzi moja, kisha alikuwa amesimama tena kwenye taa ya mwisho aliyoipita, kama vile hakuna kilichotokea. Kufa kulikugharimu tu njia uliyotembea tangu taa ile. Kwa hesabu zangu, baada ya kufa mara nyingi namna ile, mtu anapaswa kuzoea. Hakuna aliyezoea. Kila mara banda zima lilivuta pumzi pamoja.

Kwa kuwa hapakuwa na mshindi, ugomvi ulikuwa nani ashike pedi. Ndipo sheria ilipopatikana. "Umekufa wewe, toa." Wa pili akifa anampa wa tatu, na mtu yuleyule mmoja akawa anabebwa na wote. Dereva wa bodaboda alimvusha kwenye daraja bovu, mwingine aliyekuwa akileta mchele kutoka Magu akampitisha kwenye matete, na hakuna aliyeweza kusema ni wake. Walipofika mlangoni waliuliza, "Jamaa amefika wapi?" kwa sauti ya mtu anayeulizia mgonjwa.

Kulikuwa na jambo jingine. Nyuma ya yule mtu, mbali kwenye picha, kulikuwa na mawe makubwa yaliyopandana, maji ya kijivu, na nguzo nyeusi za wadudu zilizosimama juu ya maji kama moshi.

"Hawa jamaa walipita hapa kwetu," alisema mmoja.

Nikamwambia mawe ni mawe, na waliochora gemu ile labda hawajawahi kusikia kwamba kuna mji unaitwa Mwanza. "Haya, Msomi," alinijibu. Hilo ndilo jina walilokuwa wamenibandika. Wiki ileile wadudu wa ziwani walitoka. Tuliwaona kwa mbali wamesimama juu ya ziwa, moshi usio na moto, halafu upepo ukawaleta. Waliingia kwenye kila tundu la bati na kujaa kwenye kioo cha TV. Tulicheza hivyohivyo, na ilifika mahali usijue yupi ni wa kwenye gemu na yupi yu hai. Nilieleza kwamba wadudu hufuata mwanga, na ni kweli hufuata mwanga. Lakini jioni, nilipokuwa nikiwafagia, nilisita kumgusa yule mtu wa koti la njano, ili niwapanguse wadudu waliomtambalia kwenye kioo.

Kati ya wachezaji wetu kulikuwa na Fundi, fundi wa injini za boti. Alikuwa mrefu kiasi kwamba kuingia bandani ilibidi ainame, na kila alipoinama alishika kizingiti cha juu kwa mkono wake wa grisi, mpaka pale pakawa na doa jeusi. Yeye ndiye aliyekuwa bora kuliko wote, na hakuwa mwepesi. Wengine walikimbia. Yeye alimsimamisha mtu ukingoni, akageuza kichwa sikio likielekea TV, kama anasikiliza injini inayokohoa.

"Fundi, unacheza au unasubiri abiria?"

"Tulia wewe. Uliyemkimbiza jana amezama mara ngapi?"

"Mara chache tu."

"Basi kaa chini uone. Limepita dude moja. Linakuja lingine. Haya, sasa." Na kweli, akiruka, yule mtu alitua.

Siku ya mwisho aliyocheza alivuka sehemu ambayo ilikuwa imetushinda sote. Mbele yake ikatokea taa, na mbele ya taa maji mapana yasiyo na ng'ambo. Alikuwa ndiyo kwanza ameiwasha taa ile, simu yake ikaita. Kuna boti imezimika injini kisiwani, na mtumbwi wa kumpeleka unamngoja mwaloni, pale boti zinakoegeshwa. Watu wakalalamika. Mmoja akanyoosha mkono achukue pedi.

"Msiguse," Fundi alisema. "Mimi sijafa. Nakuja kumalizia."

Akaiweka pedi juu ya TV, akashika kizingiti, akainama, akatoka.

Ule mtumbwi ulipinduliwa na dhoruba wakati wa kurudi. Wenzake walishikilia madumu wakaokolewa. Walisema walimsikia akiwapigia kelele wasiachie, kisha hawakumsikia tena. Watu walizunguka ziwani wakimtafuta, wakauliza mwalo baada ya mwalo. Hakuonekana.

Bandani hakuna aliyeigusa zamu yake. Mwanzoni ilikuwa huzuni. Baadaye, bila mtu kutangaza, ikawa sheria: mwenye zamu hajafa, hajatoa pedi. Mpira ulirudi, ukachezwa kwa sauti ya chini. Mara nyingine mtu aliniomba, "Msomi, fungua tumwone tu." Nilifungua. Alikuwa pale pale, chini ya taa, amesimama akitazama yale maji. Tukimwacha bila kumgusa, baada ya muda aligeuka polepole, akatazama kushoto, kule alikotoka. Akabaki hivyo.

Mara ya kwanza tulipoona, mmoja alitoka nje mbio, kiatu kimoja akakiacha. Niliwaeleza. Pedi ile ilikuwa kuukuu, kijiti chake kilikuwa kimelegea, kilivuta kushoto. Kuvuta kule kulitosha kumgeuza mwili, hakukutosha kumtembeza. Niliwaonyesha kwa kidole.

"Sawa, kijiti," alisema yule wa bodaboda. "Mbona hakikuvuta siku zote Fundi alipokuwa anacheza?"

"Kilivuta. Kidole chake ndicho kilichokuwa kinazuia."

Nilisema kama maelezo ya kifaa. Walinitazama kama mtu aliyetukana msibani, na mimi pia, nilipokuwa nimeshayasema, niliyasikia maneno yangu vingine.

Fundi alilelewa na dada yake mkubwa baada ya mama yao kufariki. Kwao, mtu akipotea majini na mwili usipatikane, huzikwa mgomba. Hukatwa shina la mgomba lenye urefu wake, likavishwa sanda, likashushwa kaburini, na watu wakalia kama kawaida. Urefu ule hausemwi na yeyote tu. Husemwa na aliyemlea. Wazee walimngoja dada yake aseme, naye hakusema. Aliacha kukaanga samaki, akawa anashinda mwaloni, kila boti ikitia nanga anauliza waliomo.

Vijana wa banda walikwenda kumsalimu. Mmoja wao, akitafuta neno la kumtuliza, akamwambia, "Dada, zamu yake tumeiacha. Hatujaigusa. Kwetu sisi bado hajatoa pedi."

Walikusudia heshima. Dada akalibeba neno lile mpaka kwa wazee: wenzake wenyewe wanasema bado. Wazee wakaahirisha. Wakaahirisha tena. Mwishowe wakasema watakata mgomba kwa kukisia, na habari hiyo ikatufikia bandani.

"Sasa wakikosea?" aliuliza mmoja.

"Wakikosea watakuwa wamezika mtu mwingine," alijibu yule wa mchele, taratibu, kama jambo linalojulikana.

Nilikasirika. Niliwaambia wamempa dada wa watu matumaini ya kwenye TV, kwamba ile ni picha, ni namba zimehifadhiwa ndani ya mashine, na mtu yeyote angeweza kuibonyeza hata sasa hivi.

"Basi bonyeza wewe. Wewe si huamini chochote?"

Nikaichukua pedi. Yule mtu alikuwa amegeuka, anatazama kushoto. Nilikaa nimeishika muda mrefu, kidole gumba kikiwa juu ya kijiti, nikihisi kile kivuto kidogo, kidogo sana, kama pumzi ya mtu aliyelala. Kisha nikairudisha juu ya TV nikasema mashine imepata moto. Hakuna aliyecheka.

Dada yake alikuja mchana, mvua ikiwa inakusanyika ziwani na bandani kumekuwa kweusi kuliko kawaida. Alisimama mlangoni, hakuingia.

"Nimeambiwa yuko hapa," alisema.

Mpira ulizimwa bila mtu kuagizwa. "Shikamoo dada," nilisema.

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye mashine?"

"Ya mjomba."

"Niwashie, mdogo wangu."

Walimpisha benchi la mbele. Skrini ikawa nyeusi, ikawa kijivu, na mtu wa koti la njano akatokea chini ya taa yake, anatazama maji.

"Mbona mdogo hivi?" alinong'ona. Tukangoja. Yule mtu akageuka polepole kushoto, na dada akakamata kanga yake kifuani. Nilianza haraka kueleza habari ya kijiti. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na huko kushoto kuna nini?"

"Alikotoka."

"Na kulia?"

"Maji. Hatujui kuna nini mbele yake."

"Basi anatazama nyumbani."

"Dada, ni kijiti."

"Nimekusikia. Nimekuuliza kushoto kuna nini, umenijibu." Akanyoosha mikono. "Nipe."

Nikawatazama wenzangu. Yule wa bodaboda, ambaye siku za kawaida hanyamazi, alikuwa ameinamisha kichwa. "Mpe," alisema. "Ni ndugu yake."

Nilimwonyesha pa kutembea na pa kurukia. Aliishika kwa mikono miwili mbali na mwili, kama sufuria ya moto, akasukuma kijiti kushoto. Yule mtu akaanza kurudi. Wenzangu hawakuwahi kumwona akirudi kwa mwendo mrefu vile. Mawe yale yale, matete yale yale, yote yakatokea upande usio wao, na yakawa mageni.

"Taratibu," dada alikuwa anasema. "Taratibu, baba. Hapo ruka. Ehee. Njoo." Alipokosea kidogo yule mtu aliyumba ukingoni, mikono yake ikapunga, akasimama. "Njoo tu."

Akafika kwenye ule mkondo wa maji ambao Fundi alikuwa akisubiri ukingoni mwake. Ndani ya maji mgongo ulipita.

"Dada, subiri," yule wa mchele alisema. "Limepita moja, linakuja—"

Hakusubiri. Yule mtu aliruka, na maji yakamchukua.

Giza likaingia. Nilijua linachukua pumzi moja. Mchana ule nilifikiri umeme umekatika, lilivyokaa. Kisha alikuwa amesimama tena chini ya taa, mbele ya maji mapana, anatazama kulia.

"Amerudi!" dada alisema, akainuka nusu.

"Hajarudi nyumbani, dada. Amerudi pale pale."

"Nikimchukua tena?"

"Ukifa atarudi pale pale."

"Nisipokufa? Nikifika naye mwanzo kabisa?"

Hapo ningeweza kunyamaza. Lakini wiki ile tuliyoanza gemu nilikuwa nimebaki bandani peke yangu, nikamrudisha yule mtu mpaka alipoanzia, kwa sababu nilitaka kujua alitoka wapi. Ndiyo tabia yangu. "Nimeshafika," nilimwambia. "Hakuna nyumba. Kuna ukuta mweusi. Anaugusa, anatembea pale pale, haendi."

Alikaa. Alimtazama yule mtu, na kwa kuwa alikuwa ameondoa kidole, yule mtu akaanza kugeuka. Dada akaweka kidole gumba juu ya kijiti, akakizuia kwa upole, kama unavyomziba mtoto macho. Mvua ya kwanza ikapiga mabati.

"Sheria yenu inasemaje?" aliuliza.

Nikaisema mimi. "Ukifa, toa pedi."

"Nami nimekufa."

"Umekufa, dada."

"Na ilikuwa zamu yake."

"Ndiyo."

Alininyooshea pedi. Nilipoishika hakuiachia mara moja, tukabaki tumeishika wote wawili, kisha akaiachia.

Mlangoni alisimama akatazama juu. "Hili doa ni la nini?"

"Mkono wake. Alikuwa anashika hapo akiinama."

Akaivua kanga ya juu, akanipa ncha moja niikanyage chini, akaivuta kimshazari mpaka kwenye kizingiti. "Akisimama wima alikuwa anazidi hapa kiasi gani?" Walijibu wote kwa vidole, na vidole vyao vilikuwa karibu sawa. Akaongeza vile vidole, akafunga fundo, akaligandamiza kiganjani, akatoka kwenye mvua bila kujifunika.

Tulikwenda kwenye mazishi. Nilikwenda na maswali yangu yote, kwa sababu kuzika mgomba ni jambo ambalo mtu anaweza kuuliza mengi. Lile shina lililala ndani ya sanda na lilikuwa refu, refu kuliko nilivyotarajia, na waliolibeba walibadilishana mabega kama wanavyobadilishana kwa mtu. Upande wa miguu sanda ilikuwa imelowa, inadondosha. Mgomba una maji mengi ndani yake, ukiukata hutoka kwa siku nzima. Najua. Aliyesimama kando yangu alisema, "Ndiye," na sikumuuliza kitu.

Baadaye gemu ilirudi. Walianza kwa woga, kisha wakaanza kutaniana tena, na yale maji mapana yanaendelea kutuua mmoja mmoja. Mjomba, baada ya kusikia malalamiko ya kijiti, alileta pedi mpya. Ningeweza kuichomeka asubuhi yoyote kabla watu hawajafika, nimwache yule mtu chini ya taa, niondoe mkono, niangalie kama atageuka. Ni jaribio dogo, na jibu lake lingekuwa moja tu. Nimewahi kuliandaa mpaka kuwasha TV.

Boksi lipo rafuni, halijafunguliwa. Tunaendelea na pedi ya zamani, na kila anayecheza anajua kwamba lazima akizuie kijiti kwa kidole.